Meli ya Mifugo Chini ya Maji

Mwaka 2002 meli iitwayo Dania ilizamishwa kwa makusudi mbele ya pwani ya Bamburi, Mombasa, ili iwe makao ya samaki na kivutio cha wapiga mbizi. Imelala katika kina cha takriban mita 30. Enzi za safari zake, shehena yake ilikuwa ng'ombe.

Habari hiyo ya mwisho yapasa imguse mkazi wa Garissa, mji unaosifika Afrika Mashariki kwa soko lake la mifugo. Hata hivyo, Dania hutangazwa kana kwamba ni ya mtalii na kamera yake tu.

Itadaiwa kwamba kijana wa Kaskazini Mashariki hana haja na bahari. Hoja hiyo ni dhaifu. Mto Tana upitao Garissa humwaga maji yake katika bahari iyo hiyo (ingawa mamba wake hawamruhusu mtu kujifunzia mbizi humo). Kikwazo hasa ni gharama: cheti cha mwanzo humfikisha mpiga mbizi mita 18 tu, hivyo Dania hudai mafunzo zaidi, licha ya nauli, mashua na mtungi wa hewa.

Lakini si lazima kila mtu azame. Santo António de Tanná, merikebu ya Kireno iliyozama mwaka 1697 karibu na Ngome ya Yesu, ilichimbuliwa kuanzia 1977, na baadhi ya vitu vyake vikahifadhiwa katika makumbusho ya ngome hiyo. Mwanafunzi huviona bila kulowa. Dania nayo yastahili picha na maelezo ya Kiswahili yatakayofika katika shule za Garissa, kwa watoto wanaomjua ng'ombe kuliko nahodha yeyote.