Picha ya kwasa: Kinachoonekana na kinachokisiwa

DARUBINI ya angani ya Hubble ilipotoa taswira mpya za kwasa 3C 273 mnamo Desemba 2024, ilitangazwa kwamba wanaastronomia wamechungulia jirani kabisa na shimo jeusi. Ni kweli, ila ujirani wenyewe ni wa miaka-nuru 16,000.

Kwasa hiyo, iliyo umbali wa miaka-nuru takriban bilioni 2.5, hung'aa kiasi cha kuimeza galaksi nzima inayoizunguka. Ilibidi kiini kizibwe ndani ya chombo, mfano wa mtu akingaye jua kwa kiganja ili amtambue ajaye njiani. Ndipo yakaonekana mabonge ya ukubwa mbalimbali, huenda ni galaksi ndogo zinazomezwa, pamoja na uzi wenye umbo la herufi L.

Hila ya kuziba si ngeni. Mwaka wa 1962 Mwezi wenyewe ulipita mbele ya 3C 273, na darubini ya redio ya Parkes, Australia, ikanakili wakati mawimbi yalipokatika na kurejea. Mahali pake pakajulikana barabara, na mwaka uliofuata Maarten Schmidt akang'amua kwamba kilichodhaniwa kuwa nyota kiko mbali mno.

Lakini sahani ya gesi moto, mawingu yaendayo kasi na pete ya vumbi, sehemu ambazo kila kitabu huzichora, zilipewa majina kabla ya yeyote kuzitenganisha kwa macho. Mchirizi wa 3C 273 ndio huonekana waziwazi. Yaliyosalia hubainishwa kwa tabia ya nuru: kiini kikiongeza mwangaza, mawingu huitikia baadaye, na ucheleweshaji huo ndio kipimo cha umbali. Mwaka wa 2018 darubini nne nchini Chile, zikiunganishwa kuwa moja, ziliyapima mawingu hayo: yako mwendo wa nuru wa takriban miezi mitano kutoka kiini, yakizunguka shimo lenye uzito wa majua milioni 300 hivi.

Hapa sisi wa meza ya uhariri tuna deni. Mara ngapi tumechapisha mchoro wa msanii, wenye sahani nyekundu na mchirizi wa samawati, tukauita picha? Msomaji aliyeuona mchoro huo ataitazama taswira halisi ya Hubble, yenye doa jeusi katikati, na kudhani wataalamu wameshindwa kazi. Ilhali doa hilo ni kivuli cha kizibo walichokiweka wenyewe.