MGENI NJOO, MWENYEJI APONE



Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mji wa Dodoma umepata mgeni mkubwa, naye ni Serikali yenyewe. Katika toleo hili twataka kuuliza kama mwenyeji amepona kweli, hasa katika jambo la nyumba ya kulala, maana jambo hili latugusa sisi watumishi kuliko watu wengine wote.

Habari ya Serikali kuhamia Dodoma si ngeni. Shauri lilikatwa na TANU mwaka 1973, na mwaka ule ule ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Lakini kwa muda wa miaka zaidi ya 40 kazi ilikwenda polepole, na bei ya viwanja ikaenda polepole pamoja nayo. Ndipo mwezi wa Julai 2016 Rais John Magufuli alipotangaza kwamba Serikali yote itahama. Waziri Mkuu alihamia Septemba mwaka huo, wizara zikafuata. Mji wa Serikali ukafunguliwa Mtumba mwezi wa Aprili 2019, na Rais mwenyewe akahamia mwezi wa Oktoba. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilikuta watu 410,956 katika Dodoma Mjini. Ile ya mwaka 2022 ikakuta 765,179. Yaani kwa kila watu sita waliokuwako wameongezeka zaidi ya watano katika miaka kumi.

Basi, kila mtu aweza kuona yaliyofuata. Amri ya uhamisho huandikwa kwa siku moja, na karani hufunga mizigo yake kwa majuma machache. Lakini nyumba haijengwi kwa majuma machache. Kwanza kiwanja kipimwe, hati itolewe, barabara ilimwe, maji yafike, kisha ndipo fundi aanze msingi. Watu walitangulia na nyumba zikafuata nyuma. Wala hawakuja watumishi peke yao: walikuja mafundi wa kujenga ofisi, madereva, wapishi na wafanya biashara, na kila mmoja alitaka chumba usiku ule ule aliofika. Vyumba vikiwa vichache na watakao kuwa wengi, kodi hupanda hata kama hapana mwenye nyumba aliyekusudia ubaya.

Wako waliopata faida, nasi hatuna budi kukiri hivyo. Mjane mwenye vyumba vinne Chang'ombe amesomesha watoto wake kwa kodi ya nyumba. Muuza matofali amepata kazi, na muuza chakula amepata wateja. Lakini yuko mtu mwingine ambaye hatajwi sana, naye ni mtumishi wa daraja la chini aliyekuwako Dodoma tangu zamani. Karani wa wizara alikuja na malipo yake ya uhamisho. Tarishi wa halmashauri, mwalimu na muuguzi hawakuhama, kwa hiyo hawakulipwa kitu. Lakini kodi iliwapandia sawasawa na yule aliyehama.

Zaidi ya hayo iko desturi ya kudai kodi ya miezi sita, au ya mwaka mzima, kabla ya kukabidhi ufunguo. Tufanye hesabu kwa mfano tu. Kima cha chini cha mshahara wa Serikali kilipandishwa toka shilingi 370,000 hata 500,000 mwezi wa Julai 2025. Tuseme chumba na sebule ni shilingi 80,000 kwa mwezi: miezi sita ni shilingi 480,000. Karibu mshahara wote wa mwezi umekwisha kabla hajanunua unga, wala makato hayajahesabiwa. Basi huyu hukopa, na deni lile humfuata mpaka siku ya kudaiwa kodi nyingine.

Mwanachama mmoja, tarishi, alitujia na shida yake. Alikuwa amekaa katika chumba kimoja miaka mingi, hakuchelewesha kodi hata mara moja. Siku moja aliambiwa atoe kodi ya mwaka mzima au atoke, kwa sababu mgeni mmoja ameahidi kuitoa. Hakuwa nayo, akatoka. Tulipouliza jina la mwenye nyumba ili tumwandikie barua, tulikuta kwamba ni mwanachama mwenzetu, anayeketi nasi katika mikutano na kulalamika kwamba mshahara hautoshi. Hatutamtaja, kwa maana hakuvunja sheria yo yote. Lakini habari hii ilitunyima usingizi, na ndiyo iliyotufanya tuandike.

Tumezoea kusema, "Wenye nyumba wametuonea." Je, wenye nyumba ni akina nani? Wengi wao ni sisi. Mara uhamisho ulipotangazwa, wenye mshahara na njia ya kupata mkopo walikwenda pembeni mwa mji kwa wazee wa Kigogo, wakanunua mashamba kwa bei ya pikipiki. Mzee aliuza alichorithi kwa baba yake, pikipiki ikachakaa, na leo mwanawe amepanga chumba karibu na shamba lililokuwa lao. Wengine wetu hatukujenga hata banda. Tumeweka mawe ya mipaka, tukaacha majani yaote, tukingoja bei ipande. Mabomba na barabara sharti vipite mbele ya viwanja hivi vitupu ili kuwafikia watu walio mbali, na gharama yake hulipwa na wote.

Anayengoja bei ipande na akumbuke Mtwara. Ilipovumishwa habari ya gesi, na bomba la kuipeleka Dar es Salaam likajengwa hata kuzinduliwa mwaka 2015, kodi zilipanda na watu wakajenga nyumba za wageni kwa kutumaini makampuni makubwa. Kazi ya bomba ilipokwisha mafundi waliondoka, na vyumba vingi vikabaki bila wapangaji. Dodoma si kama Mtwara, kwa kuwa Serikali haitaondoka. Lakini bei iliyojengwa juu ya tumaini humwangukia yule aliyenunua mwisho.

Wako wanaosema irudishwe sheria ya kuzuia kodi, iliyofutwa mwaka 2005. Sisi twaona kwamba sheria ya kuzuia kodi peke yake haijengi hata chumba kimoja, na yaweza kumfanya mwenye fedha aache kujenga. Lakini kupunguza kodi ya kutangulizwa, isizidi miezi mitatu, hakumdhuru mwenye nyumba mwaminifu, na kutamwokoa mpangaji na wakopeshaji. Kadhalika twaishukuru Serikali kwa nyumba zinazojengwa na Shirika la Nyumba la Taifa huko Iyumbu, na Wakala wa Majengo huko Nzuguni. Ombi letu ni kwamba katika kila mradi wa namna hii sehemu fulani iwekwe kwa watumishi wa daraja za chini, wahamiaji na wenyeji pamoja. Na pia kwamba kila mradi mpya, po pote nchini, usipeleke watu kabla viwanja havijapimwa na maji hayajafika.

Lakini hatuwezi kupeleka ombi hilo na mikono michafu. Kwa hiyo twapendekeza kwamba mkutano ujao ukubali mambo mawili. La kwanza, mwanachama mwenye nyumba ya kupangisha asidai zaidi ya kodi ya miezi mitatu kwa mwanachama mwenziwe. La pili, mwenye kiwanja kitupu aanze kujenga katika muda utakaokubaliwa, au amwuzie mwanachama asiye na kiwanja kwa bei ya haki.

Tunajua baadhi yenu mtatukasirikia. Njoni mkutanoni mtukasirikie hapo, na tarishi yule awepo asikie.

MHARIRI