Mama mjamzito asiwe wa mwisho kula

Wasomaji wengi wa mjini hudhani utapiamlo ni jambo la Turkana na Mandera wakati wa ukame. Sivyo. Hata Mukuru na Kayole, ambako ugali haukosi jikoni, wapo wajawazito waliokonda mikono, na huzaa watoto wasiofika kilo 2.5.

Sababu hazianzi na mimba. Msichana aliyeolewa mapema hushika mimba mwili wake ukiwa bado unakua, hivyo yeye na mtoto hugombea chakula kile kile. Anayeshika mimba nyingine kabla ya miaka miwili kupita hajarudisha damu wala nguvu. Malaria na minyoo nazo humpunguzia damu. Na chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Afadhali ingoje saa moja hivi.

Lakini ninalolaumu zaidi ni desturi ya mezani. Baba hupakuliwa nyama, watoto hufuata, mama hubakiwa na mchuzi. Kisha akifika kliniki mwezi wa sita huambiwa, "Kula vizuri!" Kwa pesa za nani? Ushauri huo apewe mumewe, maana mara nyingi ndiye mwenye pesa za soko. Omena, maharagwe na terere si vyakula vya kitajiri.

Dada, usingoje tumbo lionekane. Nenda kliniki mapema, uombe kupimwa uzito na mzunguko wa mkono. Ukiwa chini ya sentimita 23, uliza utasaidiwaje. Vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi ni vya kila siku. Vikikuletea kichefuchefu, vimeze usiku.