Maji ya Dialisisi: Kitu Ambacho Mashine Haikioni

Leo naweka kando mambo ya programu huria, ingawa mtaona sijaenda mbali sana na tarakilishi.

Siku hizi mgonjwa wa figo wa Kitale au Bungoma si lazima asafiri hadi Eldoret kusafishwa damu. Mpango wa serikali wa kukodi vifaa vya hospitali, ulioanza 2015, ulisambaza mashine za dialisisi katika kaunti. Ni jambo jema. Lakini tunahesabu mashine tu, maji tunayasahau.

Hebu tupige hesabu. Mashine hupitisha kama nusu lita ya maji yenye dawa kila dakika. Kikao ni saa 4. Hizo ni lita 120, na kati yake na damu kuna utando mwembamba tu. Wewe unayekunywa lita 2 kwa siku una tumbo na ini za kukulinda. Mgonjwa huyu hana kinga hiyo.

Sasa sikilizeni mtego ulipo. Klorini ya maji ya mfereji huharibu chembe za damu, kwa hiyo lazima iondolewe kwa mkaa maalumu. Ikishaondoka, maji hayana tena cha kuzuia bakteria. Wakipata bomba lenye maji yaliyotuama, hujenga utando wa ute na kuzaana humo. Sumu yao hupenya hadi kwenye damu, na mgonjwa huanza kutetemeka kwa homa akiwa bado kitini.

Je, mashine haitapiga kengele? Kengele ya chumvi hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme. Bakteria haiwaoni, klorini iliyobaki haiioni. Taa ya kijani haimaanishi maji ni salama. Klorini hupimwa kwa mkono kabla ya kila zamu, na bakteria huoteshwa maabara, walau mara moja kwa mwezi.

Uchafu wa maji si hadithi. Mwaka 1996 huko Caruaru, Brazil, maji yenye sumu ya mwani yaliingia katika kituo kimoja cha dialisisi. Wagonjwa 116 kati ya 131 waliugua, na makumi wakafa kwa ini kushindwa kazi.

Maoni yangu ni haya: matokeo ya vipimo yasifungiwe kwenye daftari la ofisini. Yabandikwe mlangoni, na yaingizwe kwenye hifadhidata moja ya kaunti zetu mbili. Kazi yenyewe ni jedwali lenye tarehe, kipimo na jina la aliyepima, pamoja na ujumbe mfupi wa simu kipimo kikikosekana. Mwanafunzi wa tarakilishi mwaka wa pili anaiweza.

Wengine watasema tutawatisha wagonjwa. Mimi naona mgonjwa anayekuja mara mbili au tatu kwa wiki, maisha yake yote, ana haki ya kujua anachounganishwa nacho. Tena kuna faida nyingine. Maji ya Bungoma yakishindwa kipimo leo, muuguzi ataona mara moja kama Kitale maji yako sawa na kiti kipo, kwa sababu kukosa kikao nako huua: maji na potasiamu hujaa mwilini.

Kama una mtu wako anayesafishwa damu, uliza swali moja tu: maji yamepimwa lini? Muulize muuguzi kwa heshima. Wengi wao wanatamani mtu aulize.