Mgonjwa Abaki Nyumbani, na Watoto Wake Wale Nini?



Mwaka 2020 malango ya vyuo vikuu vyetu hapa Kenya yalijaa mabango: osha mikono, vaa barakoa, ukijisikia mgonjwa baki nyumbani. Hatuna ugomvi na mabango hayo. Ugomvi wetu ni na mkataba wa kazi, ambao humwambia mfanyakazi kinyume chake. Na kati ya bango na mkataba, unaotiiwa ni mkataba, kwa kuwa ndio unaolisha.

Ugonjwa wa korona ulitangazwa nchini tarehe 13 Machi 2020, na siku mbili baadaye serikali ikaagiza shule na vyuo vifungwe. Wanafunzi wakarudi makwao. Lakini chuo kikuu si duka la kufungwa kwa kufuli moja. Lango lahitaji mlinzi, na bweni lililoachwa lahitaji mtu wa kulisafisha. Na yeyote aliyekaa karibu na mgonjwa alitakiwa kujitenga kwa siku 14.

Hebu tuhesabu pamoja. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, humhakikishia mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, mradi alete cheti cha daktari. Hicho ni kiwango cha chini kabisa, na waajiri wengi hawapandi hata ngazi moja juu yake. Basi karantini moja humaliza haki ya mwaka mzima. Malaria ikimwangusha mtu huyo miezi mitatu baadaye, atalala bila mshahara. Tena aliyetengwa kwa tahadhari tu si mgonjwa. Ni daktari gani atamwandikia kwamba hawezi kazi? Jirani zetu wa Tanzania, kwa sheria yao ya mwaka 2004, huhesabu siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, na 63 za kwanza ni kwa mshahara kamili. Hata huko asiyetimiza miezi sita kazini huachwa nje. Lakini tofauti ni kubwa mno kuifumbia macho.

Wapo watakaosema kwamba tunafukua kaburi, kwa sababu Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ya korona mwezi Mei 2023. Tunawajibu kwamba mwezi Julai 2024 mpox ilithibitishwa hapa nchini. Mgonjwa wa mpox hutakiwa kujitenga mpaka vidonda vikauke na ngozi mpya iote, jambo ambalo kwa kawaida huchukua wiki mbili hadi nne. Sheria yetu haimpitishi nusu ya njia hiyo kwa mshahara kamili.

Wala mzigo huu haubebwi na wote sawasawa. Profesa wa kudumu ana chama kinachomtetea, naye aweza kufundisha kwa intaneti akiwa sebuleni kwake. Mhadhiri wa muda hulipwa kwa saa alizofundisha. Akikosa, hakuna malipo, kwa hiyo atasimama akikohoa mbele ya ukumbi uliofungwa madirisha. Korona husambaa hewani, na mtu huweza kuambukiza siku moja au mbili kabla hajajihisi mgonjwa. Mfagiaji naye ameajiriwa na kampuni iliyoshinda zabuni. Akiugua, chuo husema si mtu wetu, na kampuni husema siku isiyofanyiwa kazi hailipwi. Mikononi mwa mabwana wawili hana hata mmoja! Kirusi hakiulizi nani hutia sahihi hundi.

Tumeambiwa vyuo vina madeni. Ni kweli vinayo. Lakini deni hilo halikuletwa na wafagiaji, na halitalipwa kwa kuwaambukiza wanafunzi wa bweni zima ili kuokoa ujira wa mtu mmoja wa wiki mbili. Tumeambiwa pia kwamba watu watadanganya. Watakuwapo. Wapo pia wakubwa wanaodanganya katika posho za safari, na hatujasikia mtu akipendekeza safari zifutwe.

Twadai siku za kujitenga zilipwe kikamilifu na zisitolewe katika siku za ugonjwa. Twadai kila zabuni ya usafi na ulinzi itaje haki hiyo wazi, na kampuni isiyoikubali isipewe kazi. Cheti cha daktari kisidaiwe katika siku tatu za kwanza. Kumpanga mwenye maradhi ya kuambukiza kwenye foleni ya zahanati ili apate karatasi ni kuyatawanya. Na madai haya yaanzie nyumbani. Halmashauri ya parokia iulizwe: katekista, mpishi na mlinzi wetu wakiugua, hulipwa?

Vibarua wafahamu kifungu cha 37 cha sheria hiyohiyo: aliyefanya kazi mfululizo miezi miwili au zaidi hastahili tena kutendewa kama kibarua wa kutwa, hata kama daftari la kampuni linamwita hivyo. Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wawatafute walio katika hali hiyo. Walete mikataba yao, au hati za malipo kwa wasio na mikataba, kwa katibu wa tume baada ya Misa ya Jumapili. Majina yao hayatasomwa mbele ya mtu.