Mswada wa Fedha wa kaunti usomwe na msikitini

Ndugu na dada zetu wa Kericho, Bomet, Litein, Sotik, Kapsoit, Londiani na kwingineko.

Juni 2024 wengi wenu mliujua Mswada wa Fedha wa taifa kifungu kwa kifungu. Mlijua kuhusu ushuru wa mkate, mlijua kuhusu kodi ya magari, mkasambaza usiku na mchana mpaka tarehe 26 Rais akatangaza hatautia saini. Vijana walikufa kwa ajili ya mswada ule. Hakuna anayeweza kuwaambia tena kwamba mambo ya kodi ni ya wazee wenye tai.

Sasa hebu tuulizane kitu. Mswada wa Fedha wa Kaunti ya Kericho wa mwaka uo huo uliusoma? Wa Bomet je? Unajua ulipitishwa lini?

Najua jibu la wengi. Na hapo ndipo shida ilipo, kwa sababu mswada wa kaunti ndio kanjo anaotembea nao kila asubuhi. Ada ya kibanda, leseni ya duka, ushuru wa soko, maegesho ya matatu, ada za hospitali ya kaunti, kodi ya ardhi na majumba: yote hayo huwekwa au kubadilishwa huko. Katiba, kifungu cha 209, imezipa kaunti uwezo wa kutoza kodi ya ardhi na majumba na kodi ya burudani, na kutoza ada kwa huduma zinazotoa. Kifungu cha 210 kinasema hakuna kodi bila sheria. Kwa hivyo karatasi ya kanjo lazima iwe imepita kwanza katika bunge la kaunti, ambako MCA uliyempigia kura anakaa.

Tena sisi Waislamu tuna sababu za ziada za kuwa macho. Fungua Jedwali la Nne la Katiba uone kazi za kaunti. Makaburi yamo. Vichinjio vimo. Masoko yamo. Leseni za pombe zimo. Shule za chekechea zimo. Kumbe mahali tutakapozikwa, nyama tunayokula, na baa inayofunguliwa karibu na madrasa, yote yanapita mikononi mwa watu wa kaunti. Halafu siku ya kutoa maoni, hatuonekani.

Huko Marekani, katika miji na majimbo mengi, mji ukitaka kukopa pesa za kujenga shule, au kuongeza kodi fulani, au kubadilisha hati inayoongoza mji, swali huwekwa kwenye karatasi ya kura na mwananchi hupiga kura ya ndiyo au la. Waislamu wa huko wana makundi yanayoandaa maelezo ya maswali hayo ili mpiga kura asiingie kituoni kama kipofu.

Sisi hatuna utaratibu huo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 90, inaruhusu kura ya maoni ya kaunti, lakini lazima ombi litiwe saini na asilimia 25 ya wapiga kura walioandikishwa mahali itakapofanyika. Kericho ina wapiga kura zaidi ya laki nne. Ukitaka kura ya kaunti nzima unahitaji saini zaidi ya laki moja. Hilo si jambo la wiki mbili na kundi la WhatsApp.

Kwa hivyo mlango uliobaki wazi kwa mtu wa kawaida ni ule wa kutoa maoni kabla mswada haujapita. Kwa Kiingereza cha maofisa wanauita "public participation", na wengi tumeuzoea kama tangazo la gazeti ambalo hakuna aliyeliona, kikao cha siku ya kazi, viti vitupu, soda na picha.

Lakini mlango huo una nguvu kuliko tunavyodhani. Mwaka 2013 Kaunti ya Kiambu ilipitisha Sheria yake ya Fedha. Wakazi wakaenda Mahakama Kuu wakisema hawakushirikishwa inavyotakiwa. Aprili 2014 Jaji George Odunga akaibatilisha sheria ile. Si kifungu kimoja, ni sheria yote. Alisema kushirikisha umma si desturi ya kutimiza tu ili uonekane umefanya. Bunge la kaunti lina wajibu wa kuhakikisha watu wengi iwezekanavyo wanajua kinachokuja. Na alipotaja njia za kuwafikishia habari, alitaja makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza na redio, zikiwemo za lugha za mama.

Rudia hapo. Misikiti. Jaji wa Mahakama Kuu ya Kenya ameitaja misikiti kati ya mahali ambapo kaunti inafaa kupeleka habari za mswada wa fedha. Kiambu walikata rufaa, na Mahakama ya Rufaa ikawakatalia. Sasa muulize imamu wako: kaunti imewahi kuleta nakala ya mswada hapa?

Mimi nasema hili ndilo dai letu la kwanza Kericho na Bomet. Hatuombi upendeleo wala kiti cha mtu. Tunataka mswada ufike tulipo.

Fikiria hali ya nchi hii ya chai. Mchumaji analipwa kwa kilo. Akiacha shamba siku ya Jumatano kwenda ukumbini kutoa maoni, siku hiyo hana kitu. Mama mboga akifunga kibanda, siku imekwenda. Wa bodaboda vilevile. Basi nani anabaki ukumbini? Ni mwenye gari, mwenye mshahara wa mwezi, au mwenye wakili. Na kumbuka mswada ule mmoja ndio unaoweza kubeba kodi ya ardhi ya mwenye maelfu ya ekari na ada ya meza ya anayeuza nyanya. Wakizungumza upande mmoja tu, usishangae ikiwa ada ya meza itapanda haraka kuliko kodi ya ekari.

Ijumaa watu tayari wamekusanyika. Wametoka kiwandani, wametoka sokoni, wametoka stage. Hakuna anayepoteza mshahara zaidi. Khutba ibaki khutba, lakini baada ya swala dakika kumi zinatosha: mswada huu hapa, ada hizi zinapanda, kikao ni siku fulani, mwenye maoni aandike. Kina dada wapate nakala upande wao, maana wao ndio wengi sokoni.

Kuna ndugu watasema mambo ya kodi na kaunti ni siasa, msikiti uachwe kwa ibada. Naheshimu wasiwasi huo, maana tumeona wanasiasa wakigeuza minbari kuwa jukwaa la kampeni. Lakini kusoma mswada si kumpigia debe mtu. Qur'an ina sura nzima inayoitwa Ash-Shura, mashauriano, na Sayyidna Abubakar (r.a.) siku aliyopewa ukhalifa aliwaambia watu wamnyooshe akikosea. Utamnyoosha vipi mtu ambaye hujui alichoandika?

Wengine watasema: wanaamua kabla, maoni yetu ni kazi bure. Mara nyingine ni kweli. Siwezi kukuahidi kwamba ukienda, ada itashuka. Lakini maoni yaliyoandikwa, yakapokelewa na kupigwa muhuri, ni ushahidi. Aliyenyamaza hana cha kumwonyesha jaji.

Tusiende pia na neno moja tu, "hatutaki". Hospitali inahitaji dawa, soko linahitaji choo na taa, na pesa hizo lazima zitoke mahali. Nenda na pendekezo. Sema ada ya kibanda ibaki ilivyo na kodi ya ardhi kubwa iangaliwe upya. Sema ada ya soko ipande shilingi kumi ikiwa choo kitajengwa mwaka huu, na uulize choo cha mwaka jana kiko wapi.

Liko pia suala la mikopo, na hili ni letu vijana zaidi. Kifungu cha 212 kinasema kaunti haiwezi kukopa mpaka serikali ya taifa itoe dhamana na bunge la kaunti liidhinishe. Siku kaunti yenu itakapotaka kuuza hati za mkopo, deni litalipwa na walioko chekechea leo, tena na riba. Muislamu ana haki ya kusimama na kuuliza kama hakuna njia nyingine. Mwaka 2023 Kenya ilipata sukuk yake ya kwanza, Linzi, ya shilingi bilioni 3 za kujenga nyumba. Kwa hivyo si ndoto. Ni swali halali la kumwuliza MCA.

Na hati za manispaa je? Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 inatambua vikao vya wakazi, na kwenye bodi za manispaa inataja wawakilishi wa wafanyabiashara, wa jua kali na wa vyama vya mitaa vilivyosajiliwa. Neno la kushika hapo ni "vilivyosajiliwa". Kama mtaa wenu hauna chama chenye cheti, nafasi ile itakwenda kwa wenye cheti.

Kuna kiti kingine wengi hawakijui. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 137, inaunda Jukwaa la Bajeti na Uchumi la kaunti. Wanaokaa humo pamoja na gavana ni wawakilishi wa wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee, na makundi ya dini. Sisi ni wachache huku, huenda kiti hicho kikashikwa na kanisa, na si vibaya. Lakini tujue ni nani, tumpelekee yetu ayafikishe.

Basi fanyeni haya. Kila msikiti uchague vijana wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, wa kufuatilia bunge la kaunti. Kericho ina wodi 30, Bomet 25. Kila mtu amjue MCA wa wodi yake kwa jina na kwa namba ya simu. Waandikieni makarani wa mabunge yote mawili barua fupi mkiomba nakala ya mswada ipelekwe misikitini, mkitaja kesi ya Kiambu, na mbaki na nakala iliyopigwa muhuri. Bajeti ikishapita, kwa kawaida mwisho wa Juni, bunge lina siku 90 za kupitisha Mswada wa Fedha. Yaani Julai, Agosti na Septemba ndiyo miezi ya kutolala.

Ukishapata nakala, piga picha kurasa za ada na uzitume kwa wenzako wa soko na wa stage, kwa Kiswahili au Kikipsigis, lugha wanayoielewa. Uliufanyia hivyo mswada wa Nairobi. Huu wa nyumbani unaanza na kibanda cha mama yako.

Allah atupe uongofu na atuwezeshe kusimamia haki kwa upole na kwa ushahidi.