Mateso Si Dalili ya Imani Haba

Mkulima wa korosho wa Nachingwea au Ruangwa anaweza kupuliza salfa kwa wakati, ubwiriunga ukashika maua vilevile, na tegemeo la mwaka mzima likaenda. Mtu huyo akiambiwa ibadani kwamba aliyeokoka hapungukiwi, na kwamba akipungukiwa basi imani yake ni haba, ametwishwa mzigo wa pili. Mahubiri hayo, pamoja na maji na mafuta ya upako yanayoandamana nayo, huuza kinga. Wokovu wa Kikristo haukuahidi kinga.

Watu wa kusini wana sababu ya kulitambua hilo kabla ya wengine. Mwaka 1905 mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji yaliyoaminiwa kwamba yangezifanya risasi zisidhuru. Malalamiko ya watu dhidi ya utawala wa Wajerumani yalikuwa ya haki: kodi, viboko na kulimishwa pamba kwa nguvu. Risasi zilipoua, walioanguka walidaiwa kuwa wamevunja miiko. Lawama ikamwangukia marehemu, dawa ikabaki safi. Hoja ya imani haba ni ileile, imevaa suti. Agosti ya mwaka huohuo ubatizo nao haukumkinga mtu. Tarehe 14, huko Mikukuyumbu, Liwale, Askofu Cassian Spiss wa Wabenedikto na wenzake wanne waliuawa, na misheni za Nyangao na Lukuledi zikateketezwa. Lakini Wabenedikto walirudi, na mwaka 1906 wakaanzisha Ndanda. Imani yao haikuwa imesimama juu ya ahadi ya kutoumia, kwa hiyo kuumia hakukuipindua.

Je, mateso basi ndiyo yanayookoa? Hapana, na hapa wahubiri wengine huteleza upande wa pili, wakausifu umaskini kana kwamba ni sakramenti. Katika Warumi 5 Paulo anaanza na amani ambayo mwamini amekwisha kuipata kwa Kristo, ndipo anafika kwenye dhiki na saburi. Mpangilio huo una maana: saburi ni ya mtu aliyekwisha kupokelewa, si nauli ya kumfikisha. Hata Mkatoliki anayeunganisha maumivu yake na ya Kristo hadai kwamba maumivu yenyewe yana nguvu ya kuokoa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba saburi ni kasumba ya watawala. Halipuuziki. Waliolimishwa pamba waliona misheni na boma kama nyumba moja, na hawakuwa vipofu. Saburi inayohubiriwa na asiyeteseka kwa anayeteseka inastahili kutiliwa shaka. Ila tusome Yakobo 5 yote. Aya ya 11 inamtaja Ayubu kama mfano wa uvumilivu, na Ayubu huyo alimlalamikia Mungu waziwazi, sura kwa sura. Aya ya 4, juu kidogo tu, inawashutumu matajiri waliozuia ujira wa wavunaji. Msimu wa 2018/2019, Serikali ilipoagiza korosho zinunuliwe kwa Sh3,300 kwa kilo, wakulima wengi walingoja malipo kwa miezi. Mhubiri aliyewasomea aya ya 11 alikuwa na haki ya kufanya hivyo, mradi aliwasomea na ya 4, kwa sauti ileile, viongozi wa ushirika na wa wilaya wakiwa wamekaa viti vya mbele.